Daftari la Mama Ntilie

Nilipopanda basi Lushoto nilikuwa sijawahi kuvuka Segera. Masomo yangu niliyamalizia Korogwe, kazi nikapangiwa huku huku milimani kwetu, na Dar es Salaam niliijua kwa masimulizi ya vijana waliorudi sikukuu ya Idi na viatu vyeupe. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alimaliza kidato cha nne, akashinda shambani kwenye kabichi msimu mmoja, kisha akaja jikoni kutuaga mimi na mama: kuna mtu wa Soni ana gangi ya ujenzi mjini, anachukua vijana. Akawa saidia fundi, na tangu hapo sukari ya nyumbani ikawa inatoka mfukoni mwake.

Safari yangu ililetwa na simu ya nyapara. "Mwalimu, dogo kateleza kidogo, yuko hospitali, msiwe na wasiwasi." Huyo aliyeteleza kidogo alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya tatu pamoja na jukwaa la mirunda alilokuwa amesimama juu yake, paja limevunjika, kisigino kimesagika. Hayo niliyajua kesho yake, kwa kijana mwenzake aliyempigia mama akilia.

Barabara ya kushuka Mombo imechongwa ubavuni mwa mlima, jabali upande huu, korongo upande ule, na dereva hupiga honi kila kona. Pale Soni wanawake waliinua ndoo za plamsi hadi madirishani. Nilinunua kwa ajili yake, maana ndilo tunda alilokuwa akiliulizia kila akipiga simu. Kisha Korogwe, Segera, na nchi nisiyoijua: mkonge, mapori ya Mkata, daraja jipya la Wami lenye kingo ndefu nyeupe. Abiria wenzangu walilitazama wakasifu. Mimi niliwaza waliosimama juu ya maji yale wakifunga nondo, na kama yupo aliyewaandika majina.

Tangu Kibaha, macho yangu hayakutoka kwenye majengo. Kila baada ya hatua chache kuna ghorofa inapanda, imezungushiwa mirunda iliyounganishwa kwa misumari, na juu kabisa kuna mtu ana karai la zege kichwani. Wengine walikuwa na kofia ngumu. Wengi niliowaona walikuwa na kofia ya kawaida ya jua, na kandambili. Mzee mmoja niliyekaa naye, mchuuzi wa karoti wa Kariakoo, aliniona ninavyokaza macho akaniuliza kama nina ndugu saiti. Nikamwambia. Akanyamaza, halafu akanielekeza polepole, mara mbili, jinsi ya kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi hadi Kimara, kutoka Kimara kwa mwendokasi hadi Fire, na hapo nichukue bodaboda hadi Muhimbili.

Wodini nilimkuta mguu umeninginizwa kwa uzito, uso umevimba. "Dada, umekuja na nani?" ndilo alilouliza kwanza, akihofia mama ameachwa peke yake. Hakulia hadi nilipomwonyesha plamsi.

Chini ya godoro lake kulikuwa na bahasha ya kaki. Nyapara alikuwa amekuja siku moja kabla yangu. Ndani mna shilingi laki mbili na karatasi iliyochapwa: mimi fulani, kibarua, nimepokea msaada kutoka kwa mwajiri kwa hiari yake, na sina madai mengine yoyote. Chini pameachwa nafasi ya saini au dole gumba. Kalamu ilikuwa imefungwa pamoja na karatasi kwa mpira.

"Usimruhusu atie saini, mwanangu," alisema mzee wa kitanda cha pili. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanyanyua mkono wa kulia ulioviringwa bandeji. Alikuwa fundi wa nondo, miaka mingi katika kazi hiyo, na vidole vitatu vilikatwa na mashine ya kukatia vyuma. Jeraha lilikuwa la zamani kidogo. Alirudishwa wodini kwa sababu mfupa ulitunga usaha. "Hela watakupa, ichukue ukitaka, mgonjwa anahitaji kula. Lakini karatasi ile isome mara kumi. Hiyo ndiyo watakayokwenda nayo mbele."

Nilimrudishia nyapara bahasha na karatasi yake jioni ile ile. Alishangaa zaidi kuliko alivyokasirika. "Mwalimu, huu ni ubinadamu tu. Huyu hana mkataba. Ni deiwaka." Neno hilo alilitaja kana kwamba limemaliza shauri: mtu wa kutwa, anakuja asubuhi, jioni hadaiwi wala hadai.

Hapa ndipo niseme nilichojifunza katika safari ile, maana ndicho kinachonifanya niandike. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, haimuulizi aliyeumia kama alikuwa mwangalifu kuliko wenzake, wala haimdai athibitishe kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa. Inauliza kama ajali imetokana na kazi na imetokea akiwa kazini. Mfuko ulioundwa kwa sheria hiyo unachangiwa na waajiri peke yao, siku hizi nusu asilimia ya mishahara wanayolipa, na ni mwiko kumkata mfanyakazi hata senti. Kwa fedha hizo hulipwa matibabu. Hulipwa asilimia 70 ya kipato kwa muda ambao mtu hawezi kufanya kazi, usiozidi miezi 24. Na akibaki na ulemavu wa kudumu, daktari hupima kiwango chake. Ukiwa hauzidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Wapo wanaohitaji mtu wa kuwaogesha na kuwalisha, nalo lina fao lake. Akifa, kuna gharama za mazishi, na mjane na watoto wana haki zao.

Mdogo wangu alikuwa akilipwa 15,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Nilikaa kwenye benchi la korido nikapiga hesabu nyuma ya tiketi ya basi: mwezi wa siku 26 ni 390,000, asilimia 70 yake ni 273,000. Laki mbili za kwenye bahasha hazikufika fao la mwezi mmoja, na daktari alishasema mguu ule hautakanyaga zege kwa muda mrefu.

Tatizo ni kuthibitisha kwamba alikuwepo. Mambo yote niliyoyataja yanasubiri nyuma ya mlango mmoja, na mlango huo ni swali la kama mtu huyu aliajiriwa, na aliajiriwa na nani. Wasomi wa mijini wanaposema wafanyakazi hawajui haki zao, nadhani wanawaonea. Fundi wa nondo mwenye vidole viwili anazijua. Anachokosa ni kipande cha karatasi kinachosema kwamba siku fulani, kwenye jengo fulani, jina lake lilikuwa katika orodha ya mtu fulani.

Binamu yetu aliyenipokea anauza vifaa vya simu mjini, na siku iliyofuata alinipitisha kwa miguu kutoka Upanga kuelekea Kisutu ili anikutanishe na msaidizi wa kisheria anayemfahamu. Katika Mtaa wa Indira Gandhi alipunguza mwendo. Hapa, alisema. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mahali hapo liliporomoka asubuhi na kuua watu 36, wakiwamo mafundi na vibarua. Niliwahi kusikia habari hiyo redioni, kule kwetu. Sikujua jambo moja aliloniambia yule msaidizi wa kisheria baadaye: mwaka ule Mfuko wa Fidia ulikuwa bado haujaanza kazi. Sheria ilikuwa imetungwa miaka mitano kabla, lakini michango ilianza kukusanywa Julai 2015. Kabla ya hapo mambo yaliendeshwa kwa sheria ya kikoloni iliyoweka ukomo wa shilingi 108,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na 83,000 kwa aliyekufa. Viwango vile vilibaki hivyo hivyo wakati shilingi ikishuka mwaka hadi mwaka. Nilisimama kwenye baraza ya duka nikajaribu kuelewa nchi ilivumiliaje kwamba uhai wa mtu aliyekuwa akiijenga uwe na bei ya meza na viti vinne. Bado sijaelewa.

Msaidizi wa kisheria, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakupoteza muda kunipa pole. Aliuliza: "Bango la saiti linasemaje?" Sikuwa nimeliona. "Nenda ukalipige picha leo, kabla halijang'olewa."

Tukaenda Sinza. Saiti ilikuwa imezungushiwa mabati ya bluu, na bango lilikuwa juu ya geti, limefunikwa nusu na turubai. Binamu aliinua turubai kwa mti. Hapo palikuwa na kila kitu: jina la mradi, mteja, msanifu majengo, mhandisi mshauri, mkandarasi na namba yake ya usajili kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Jina la nyapara wetu halikuwamo, na halikuhitajika. Yeye ni mtu wa kukusanya vijana. Kazi ilikuwa na mwenyewe. Nilipiga picha, nyingine tena kwa karibu, kisha nikasogea getini kuangalia ndani. Mahali jukwaa lilipovunjika palikuwa pamewekwa mirunda mipya, ya kijani bado, imegongelewa misumari vile vile. Hakuna kamba ya usalama, hakuna wavu chini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, imemwekea mwajiri wajibu wa kuwakinga watu wale, na wakala wa serikali upo kwa kazi hiyo, OSHA. Kijana mmoja wa umri wa mdogo wangu alikuwa amepanda pale pale, anapokea matofali.

Mlinzi alitufukuza kwa heshima. Ndipo mwanamke aliyekuwa akipuliza moto ng'ambo ya barabara akaniita. "Wewe ni dada yake yule wa Lushoto? Mnafanana paji la uso. Njoo ukae."

Huyu mama ntilie ana banda la mbao mbili na turubai, masufuria matatu, ndoo ya maji ya kunawa. Amewapikia watu wa saiti ile tangu msingi unachimbwa. Kwa sababu posho hutoka Jumamosi, wengi hula kwa mkopo siku za katikati, na yeye huandika. Alifuta mikono kwenye kanga, akatoa daftari la shule, lile la kurasa 96, jalada limelowa mafuta. Kila ukurasa una tarehe juu, majina upande wa kushoto, na mbele ya kila jina alichokula: wali maharage, ugali dagaa, chai na chapati mbili. Jina la mdogo wangu lilikuwemo, limeandikwa kwa kalamu ya bluu, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, na kila Jumamosi limepigwa mstari kwamba amelipa. Deni lake la mwisho lilikuwa la asubuhi ya ajali. Chai, maandazi matatu. Halikuwa na mstari.

Nililipa deni lile. Alikataa, nikasisitiza, akachukua, akapiga mstari mbele yangu.

Kisha nikamwomba tupige picha kurasa zote. Hakusita hata kidogo, ingawa saiti ile ndiyo inayomlisha na nyapara hula kwake. "Mwalimu, mimi nimewaona wakimbeba kwenye mlango wa choo," alisema. "Piga. Na kama wanataka niseme, nitasema." Nimekutana na watu wengi katika safari ile waliokuwa na vyeo na ofisi, sijui kama yupo aliyenipa zaidi ya alichonipa yule mama.

Msaidizi wa kisheria alipoona picha zile alivua miwani. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, alisema, inatambua kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi anachukuliwa kuwa ni mwajiriwa ikiwa lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa za kazi, anapewa vifaa, anamtegemea mtu huyo kwa riziki yake, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jina la mkataba, au kutokuwepo kwake, halitoshi kulifuta hilo. Saa 45 kwa mwezi mdogo wangu alikuwa akizimaliza katika wiki moja. Daftari lilionyesha siku, na simu yake ilionyesha fedha: kila Jumamosi ujumbe wa malipo kutoka namba ya nyapara, 90,000, au pungufu pale mvua iliponyesha. Alikuwa hafuti ujumbe wa fedha. Mama alimfundisha hivyo, kwa kuogopa matapeli.

Mwajiri anatakiwa kuuarifu Mfuko ndani ya siku saba tangu ajue kuna ajali. Huyu alikuwa hajaarifu mtu. Aliyeumia, au wa kwake, ana miezi 12 ya kuleta dai kabla haki haijapotea. Tuliandika barua mbili, moja kwa mkandarasi kwa jina lile lile la kwenye bango, tukaipeleka kwa mkono na nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nyingine tukaibeba hadi ofisi za Mfuko, Barabara ya Bagamoyo.

Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Nilipokewa na kijana aliyeniamkia, akanipa kiti, akapekua mfumo wake. Mkandarasi alikuwa amesajiliwa na anachangia. Kwenye orodha ya watumishi aliyoiwasilisha hakukuwa na mdogo wangu, wala, nadhani, hata mmoja wa wale niliowaona wakipokea matofali. Mfuko unachangiwa kwa ajili ya watu wa ofisini, wakati wanaoanguka ni wa juu ya mirunda. Kijana alikodolea macho picha za daftari kwa muda. Akauliza hili "ch.2" mbele ya majina ni nini. Nikamwambia ni chapati mbili. Akaandika, akafungua jalada, akanipa orodha ya vinavyobaki: taarifa ya daktari, namba ya kitambulisho cha taifa, maelezo ya shahidi.

Siku chache baadaye mkandarasi mwenyewe alimpigia msaidizi wa kisheria. Sauti yake, alivyonisimulia, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alisema hakujua. Inawezekana. Kati yake na saiti kulikuwa na nyapara, na juu yake mteja anayetaka jengo liishe kabla ya mwisho wa mwaka, na kila mmoja wao ana jibu la kwa nini jambo hili si lake. Lakini fomu ya taarifa ya ajali alijaza, na kwenye nafasi ya jina la mfanyakazi aliandika jina la mdogo wangu, la baba na la babu, bila kukosea herufi. Nilipomwonyesha wodini picha ya fomu ile aliiangalia muda mrefu kuliko alivyoangalia barua yoyote niliyomletea.

Fao bado halijatoka ninapoandika. Vyuma viko ndani ya paja, magongo yameshapatikana, na kipimo cha ulemavu kitasubiri hadi mfupa uungane. Kisigino ndicho kinachomtia daktari shaka.

Jioni ya mwisho kabla sijarudi kazini nilikwenda kumuaga yule mzee wa nondo. Nilimshukuru kwa habari ya karatasi. Nikamuuliza yeye dai lake limefikia wapi, maana nilidhani mtu aliyenionya vile alishamaliza yake. Akatikisa kichwa. Yeye alipewa laki tatu, na kwa kuwa mkono wa kuandikia ndio uliokatika, walimshika dole gumba la kushoto wakaligonga wenyewe. Aliona yameisha hapo.

"Mzee, ilikuwa lini?"

Akahesabu kwa vidole vya mkono mzima. Miezi kumi na kidogo.

Nilitoa daftari langu la maandalio ya masomo, nikachana ukurasa wa katikati, nikampigia simu msaidizi wa kisheria nikaweka sauti ya nje ili mzee asikie. Akauliza swali lile lile la bango. Mzee hakukumbuka jina la mkandarasi, ila alikumbuka jengo, mtaa, na mama aliyekuwa akiuza chai pale getini.